Siku Nilipomruka Mdogo Wangu

Mbukwenyi, wazee wangu. Shikamooni. Vijana wenzangu, mmeamkaje? Haya.

Mchungaji amenipa dakika kumi na ameniomba nisitembeetembee, maana waya wa kipaza sauti ni mfupi. Wanaonijua nawaona wanacheka. Kwangu mimi kusimama mahali pamoja ni kazi kubwa kuliko kujaza lori. Mkiona naanza kuelekea mlangoni, ninyi wa viti vya nyuma nirudisheni.

Sitataja jina la mtu. Wengine wamo humu ndani, wengine sijui waliko. Ila mmoja lazima nimwonyeshe. Yule pale mbele, mwenye kitenge cha bluu, ni mama yangu. Ametoka Gulwe jana, akapitia Mpwapwa na Kongwa, vumbi lote la njia amelila yeye. Ameambiwa mwanawe mkubwa anatoa shukrani. Ni kweli, mama, shukrani zipo. Lakini kabla ya shukrani kuna neno, na nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujasema lolote.

Niwaeleze kwanza wageni. Sisi wengi hapa Kibaigwa ni wapakiaji wa soko la mahindi. Gunia linatoka kwenye mzani, linapanda begani, unapita nalo kwenye ubao mpaka juu ya lori. Unashuka, unachukua lingine. Na tuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote. Mwenzako akianguka na gunia, unatua la kwako hapo hapo ulipo, hata kama umebakiza hatua mbili, unamwendea. Na yeye aliyeanguka hajiinui. Analala vile vile alivyo, kwa sababu hajui mgongo ukoje, na akijiinua kwa kuona aibu anaweza kujimaliza. Anasubiri mikono ya wenzake. Mimi nilifundishwa hilo siku ya kwanza sokoni, kabla hata sijaonyeshwa choo kiko wapi.

Sasa, miaka kadhaa iliyopita, akaja tajiri mmoja na gari jeupe. Akakaa siku mbili kivulini anatutazama tu. Tukadhani ni mtu wa kodi. Siku ya tatu akatuita wale wenye mabega, akasema ameishi Marekani miaka mingi, na sasa anaanzisha ligi ya kulipwa ya mpira wa kule. Miji minne, timu nne: Dodoma, Morogoro, Arusha na Dar. Timu ya Dodoma itaitwa Mbogo. Akatuonyesha kwenye simu. Ndugu zangu, nawaambia, nilipotazama ile video nilijua nimezaliwa kwa ajili yake. Watu wamevaa helmeti na mabega ya plastiki, wanagongana, wanaanguka, wanaamka, wanagongana tena. Mpira wenyewe una umbo la yai. Wao wanauita mpira wa miguu, na mguu wala hauugusi, labda mara moja moja. Nikasema hii ni kazi yetu, tofauti ni kwamba gunia nalo linakusukuma.

Tulikwenda kumi na wanne kutoka sokoni. Mikataba tulisaini, nguo tukapewa, jezi nyekundu zenye pembe kifuani. Mimi sikulala njaa hata siku moja pale sokoni, msinielewe vibaya. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimechoka kupanda na kushuka ubao ule ule. Nilikuwa nawashwa na miguu. Nilitaka watu wanitazame.

Mdogo wangu alikuwa ameshapakia nami msimu mmoja, akarudi Gulwe kumsaidia mama kulima. Nikamfuata. Hakutaka sana. Aliniambia, "Kaka, mimi mtama wangu unatosha." Nikamsema, nikamwita mzee, nikamwambia kijana gani ana mbio zile halafu anazimalizia kufukuza kwelea shambani. Akacheka, akafunga begi.

Mama alitusindikiza mpaka stesheni. Mama, unakumbuka. Uliuchukua mkono wa mdogo wangu ukauweka juu ya mkono wangu, ukasema, "Nakukabidhi. Nirudishie kama nilivyokupa." Mimi nikakucheka. Nikasema, mama, tunakwenda kucheza mpira, hatuendi vitani.

Uwanja wetu ulikuwa Msalato, si mbali na kule kwenye uwanja mpya wa ndege. Ardhi ya Dodoma wakati wa kiangazi mnaijua. Ukiangukia pale ni kama umeangukia saruji. Kocha akasema tulainishe. Tukaenda kwenye mashine za kukamua alizeti, tukajaza makapi kwenye malori mawili, tukayamwaga uwanja mzima. Kesho yake asubuhi tukakuta mbuzi wa kata nzima wamo uwanjani. Tulifanya mazoezi ya kukimbiza mbuzi wiki mbili kabla ya kuanza mazoezi ya mpira. Cheka tu, dada, ilikuwa hivyo.

Lakini tatizo halikuwa mbuzi. Tatizo lilikuwa ile sheria yetu.

Mechi ya kwanza, Morogoro. Mchezo umeanza, mmoja wa wapinzani akagongwa akaanguka mbele yetu. Watatu wetu wakasimama pale pale. Wakaacha kila kitu, wakamwinamia, wakamshika kichwa, "Pole, kaka, usijiinue, mgongo vipi?" Huku nyuma yao mtu wa Morogoro kapita na yai lake mkononi, kavuka mstari wa mwisho, kafunga. Uwanja mzima ulilala kwa kicheko. Yule aliyeinuliwa naye alikuwa anacheka. Kipindi cha pili ikatokea tena, safari hii wakasimama watano. Kocha wetu alivua kofia akaikanyaga.

Kocha alikuwa Mtanzania aliyesomea kule ng'ambo, mtu mkali, lakini alitupenda. Tuliporudi Msalato akatupanga mistari miwili. Mmoja anaanguka, wengine wanaruka juu yake na kuendelea. Asubuhi kuruka, jioni kuruka. "Ruka! Usitazame chini! Aliyeanguka si kazi yako!" Wenzangu ilikuwa inawauma. Kuna mzee mmoja wa sokoni, baba wa watoto sita, aliruka mara ya kwanza akaenda pembeni akakaa, akasema yeye hawezi, dhambi. Tulimcheka sana.

Mimi niliweza. Nakiri mbele yenu, niliweza haraka kuliko wote. Siku ya tatu nilikuwa naruka kama mtu anayeruka mfereji. Kocha akanifanya nahodha kwa sababu hiyo, si kwa sababu nyingine. Nikawa mimi ndiye ninayepiga kelele: usitazame chini! Mdogo wangu alikuwa anaruka, lakini akishatua lazima ageuke amtazame yule aliyelala. Nilimfokea mbele ya watu. Nikamwambia atatuponza.

Tukafungwa Morogoro, tukafungwa Dar, tukafungwa Arusha. Nyumbani tukafungwa tena, mara mbili. Watu wakapungua uwanjani mpaka mbuzi wakawa wengi kuliko wao. Mimi silali, sikai, natembea uwanjani peke yangu nahesabu hatua za mstari mpaka mstari. Tajiri akaanza kuja mara chache. Halafu kabla ya mechi ya mwisho akaja, akakaa nasi chini, akasema maneno haya: "Mkishinda hii, kuna msimu wa pili. Mkifungwa, sijui."

Nisubirini kidogo, ninywe maji.

Mechi ya mwisho ilikuwa na Arusha, kwetu Msalato. Zimebaki dakika mbili, wametuzidi kidogo tu, tukifunga mara moja tunashinda. Kocha akapanga mpira uje kwangu, na mdogo wangu atangulie mbele kunisafishia njia. Mpira ukaja. Nikaukumbatia. Mdogo wangu akaingia katikati ya watu wawili wakubwa, akawasukuma huku na huku, nafasi ikafunguka. Halafu wakamwangukia. Goti lake likabaki upande wake, mwili ukaenda upande mwingine. Alikuwa amelala kati yangu na mstari.

Akaniita. "Kaka!"

Mama, sikiliza sasa.

Wewe umeambiwa kwamba nilikuwa upande ule mwingine wa uwanja. Umeambiwa sikuona. Sikuwa upande mwingine. Nilikuwa karibu naye, ni kama mimi niko hapa, na yeye pale kwenye kiti cha mchungaji. Nilitazama chini. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kuwakataza wenzangu, nilitazama chini, nikamwona macho, nikasikia ananiita. Na nikaruka. Nilimruka mwanao, mama, nikavuka mstari, nikafunga.

Tulishinda. Ndiyo mechi pekee tuliyoshinda. Watu walinibeba mabegani, wakanizungusha. Nilikuwa juu kule nacheka na kupunga mkono. Wapakiaji wawili tu hawakuja kushangilia, mmoja wao ni yule mzee aliyesema hawezi. Walikuwa wamekaa chini kwenye makapi ya alizeti, wameshika kichwa cha mdogo wangu. Walikuwa wameacha nafasi zao mpira ukiwa bado unachezwa, na kocha aliwafokea kwa hilo baadaye. Mimi nilizungushwa uwanja mzima kabla sijaomba nishushwe.

Msimu wa pili haukuja. Wiki iliyofuata simu ya tajiri haikupatikana, lori likaja likabeba helmeti na mabega ya plastiki, geti likafungwa kwa mnyororo. Sitamsema vibaya. Labda na yeye aliota ndoto kubwa kuliko mfuko wake, kama mimi. Basi hiyo ndiyo historia yote ya Mbogo, ilianza na mbuzi ikaisha na mnyororo.

Mdogo wangu alifungwa goti hospitali, akawekewa vyuma. Mama akaja kumwona. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa wodi, tayari kusema. Mama akauliza, "Na kaka yako alikuwa wapi?" Mdogo wangu akanitazama, akamtazama mama, akasema, "Alikuwa upande ule mwingine. Hakuona." Mama akanigeukia. Na mimi, ndugu zangu, nikaitikia kwa kichwa.

Watu wanadhani nilianguka pale timu ilipokufa. Hapana. Nilianguka pale mlangoni, kwa kichwa tu, bila hata kufungua mdomo.

Kuanzia hapo sikukaa mahali. Nilikwenda Singida kwenye alizeti, nikakaa wiki tano. Nikarudi mjini kubeba zege kwenye majengo ya Mtumba, nikaondoka kabla ghorofa halijapata paa. Manyoni, Bahi, Chamwino, nilipita Buigiri nikalima bustani ya mtu mmoja mpaka matuta yakaota, nikaondoka kabla ya kuvuna. Chakula nilikula nimesimama. Kule Manyoni mama mmoja mwenye mgahawa alinivutia kiti kila siku na kila siku nilikiacha. Na kila alfajiri nilivaa ile jezi nyekundu nikakimbia. Watu wakiniuliza najiandaa na nini, nawaambia msimu wa pili unakaribia. Nilisema hivyo miaka mitatu. Nilikuwa nataka mechi nyingine ichezwe, kubwa kuliko ile, nishinde, ili kule kuruka kuwe na maana. Kichaa? Labda. Lakini nilikuwa na akili ya kutosha kutokwenda Gulwe.

Na habari kutoka Gulwe zilinifikia hata hivyo. Jirani mmoja nilikutana naye stendi Dodoma, akaniambia mama yako anakusifu sana. Kila mtu akiuliza habari za goti la yule mdogo, mama anajibu, "Kaka yake hakuona. Angeona, angemwinua." Nilimwacha jirani anaongea peke yake. Nilitembea kutoka pale stendi mpaka Msalato kwa miguu, nikafika kwenye lile geti, nikakuta mnyororo umeota kutu na mbuzi wamo ndani.

Sasa nifupishe, mchungaji ananitazama.

Mwaka jana wakati wa mavuno hali ilikuwa mbaya, nikarudi hapa sokoni. Nilijua kupakia, sikujua kitu kingine. Msimamizi wetu akanitazama, hakuniuliza nilikuwa wapi, akasema, "Lori lile pale." Sikujua kama mdogo wangu naye amekuja. Kumbe alikuwa na miezi minne hapa, upande wa nyuma, anashona midomo ya magunia. Mguu haumruhusu kubeba, lakini mkono ni mwepesi.

Siku ya pili nimebeba gunia la lumbesa, lile lililojazwa mpaka limeota kichwa. Nimefika katikati ya ubao. Mimi na haraka zangu, nikataka kumpita mwenzangu aliyekuwa mbele. Ubao ukayumba. Nikaenda chini, gunia juu yangu.

Nililala uso kwenye vumbi. Pumzi haiingii. Na jambo la kwanza nililofikiri si mgongo wangu. Nilifikiri, sasa wataniruka. Nilisubiri kusikia miguu ikipita juu yangu, na nikasema moyoni ni haki yao.

Halafu nikasikia pu. Gunia limetuliwa. Pu. Lingine. Pu, pu, pu, huku na huku, soko zima, mpaka mwisho kule kwenye mizani. Kelele zote za soko zikakatika. Magari tu yalisikika barabarani. Watu walikuwa wanatua mizigo yao kwa ajili yangu, mimi niliyewafundisha wenzao kuruka.

Nikataka kuinuka. Aibu ilinishika, nikasukuma ardhi kwa mikono. Mkono mmoja ukanikandamiza bega. "Usijiinue. Tulia." Nikageuza jicho. Nikaona shati lina sindano kubwa ya kushonea magunia imechomekwa mfukoni, na uzi unaning'inia. Alikuwa amepiga goti moja, lile zima. Lile lingine alikuwa amelinyoosha pembeni kwa sababu halikunji.

Nikamwambia, "Nilikuona."

Akasema, "Najua. Tulitazamana. Tulia kwanza, wakutoe gunia."

Walinitoa gunia, wakanigeuza taratibu, wakaniuliza vidole, wakaniuliza miguu. Mgongo ulikuwa mzima. Nililia pale chini mbele ya wanaume wote wa soko na hakuna aliyecheka. Msimamizi alisubiri kidogo halafu akasema, "Haya, lori la watu linasubiri." Kazi ikaendelea.

Nilidhani imeisha. Mdogo wangu alinipa nafasi chumbani kwake, tukala pamoja, nikaanza kukaa kwenye kiti. Ile jezi nilimpa fundi baiskeli akafutia mafuta. Lakini wiki moja baadaye, tunakula, mdogo wangu akaweka tonge chini. Akasema, "Kaka, mimi nilikusamehe zamani, pale pale wodini. Lakini ule uongo niliomwambia mama bado niko nao. Kila nikienda Gulwe ananiambia ungeona ungeniinua, na mimi naitikia. Nimechoka. Wewe utautua lini?"

Imenichukua mwaka mzima kumjibu. Mdogo wangu, jibu ni leo.

Kwa hiyo nishukuru. Nawashukuru wale wawili waliokaa na mdogo wangu kwenye makapi wakati mimi nabebwa mabegani. Mmoja yuko hapa, ameinamisha kichwa, mzee wangu, inua uso, tulikucheka na wewe ndiye uliyekuwa na akili. Namshukuru msimamizi ambaye hakuniuliza nilikuwa wapi. Nawashukuru ninyi mliotua magunia siku ile. Wengine sijui hata majina yenu. Yule mama wa mgahawa aliyenivutia kiti kila siku, popote alipo, Mungu amkumbuke.

Na kama kuna kijana hapa anataka kitu nilichojifunza, ni hiki. Ushindi ule nilioupata, hakuna anayeukumbuka isipokuwa mimi. Hata tajiri hakumbuki. Lakini goti la mdogo wangu linajikumbusha lenyewe kila akipanda ngazi. Mtu akianguka mbele yako, usimwamini yeyote anayekuambia usitazame chini, hata kama amevaa filimbi shingoni, hata kama anakupenda. Na wewe ukishamruka mtu, usikimbie mbali. Mimi nimekimbia miaka mitatu, na popote nilipofika nilimkuta amelala mbele yangu.

Nimemaliza, mchungaji. Najua dakika zimezidi, nisamehe.

Ila sirudi kitini. Mama, sheria ya sokoni umeisikia. Niliangushwa na mimi mwenyewe, na aliyeanguka hajiinui. Nakaa hapa chini, kwenye sakafu hii. Mnaonijua mnaniona nimetulia kwa mara ya kwanza, basi nitazameni vizuri. Mama, ukitaka kutoka nje ukapande gari la Mpwapwa, nitaelewa, na hakuna atakayekuzuia. Ukitaka kukaa hapo kwanza ufikiri, fikiri, mimi nasubiri.

Na wewe mdogo wangu, kaa chini. Nakuona unanyanyuka na goti lako hilo. Kaa. Wewe umeshaniinua. Hii ni ya mama, akitaka.